Mumeo akianza kulikatakata gari

Dada mmoja kaniandikia kwamba mchumba wake anaijua sauti ya injini ya gari lake kuliko anavyoijua sauti ya mama mkwe mtarajiwa. Nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza, maana kwangu pia lipo. Vijana wetu wa siku hizi, na wadada wachache ninaowafahamu, wakishapata kigari cha kwanza kutoka Japani, miezi sita haipiti kabla hawajaanza kukitafutia nguvu ambazo kiwandani hawakuziweka. Na wengi wanaanzia kwenye njia ya hewa. Ni rahisi kuifikia, huhitaji kufungua injini, na vitu vyenyewe unavipata duka la vifaa vya ujenzi.

Kwa hiyo mwezi huu tunaingia chini ya boneti, jamani. Shosti yangu unayesema hayo ni mambo ya wanaume, kaa hapo hapo. Pesa inayoingia humo ni ya kwenu wote wawili.

Nianze na gari lenyewe. Sisi tuna Toyota Allion ya cc 1500, tuliyoinunua tukiwa Dar es Salaam. Kule ilikuwa inakwenda vizuri tu, hakuna aliyeilalamikia. Mume wangu alipohamishiwa kikazi Sumbawanga tukaja nayo, na wiki ya kwanza tu akaanza kunung'unika. Gari limekuwa zito. Ukikanyaga haliitikii. Siku tumetoka Kasanga ziwani, tunapanda kurudi juu, pikapu ya dizeli iliyojaa magunia ikatupita kama tumeegesha. Mwanaume aliumia roho siku ile! Njia nzima anarudia neno moja: "Hili gari limekabwa pua, mke wangu."

Kwa kiasi fulani alikuwa sahihi, ila aliyelikaba si mtu. Nyanda za juu za Ufipa ziko juu kweli kweli. Ziwa Tanganyika pale Kasanga liko mita 773 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kwenye mita 1,800 unabaki na asilimia 80 hivi ya hewa uliyokuwa nayo Dar. Injini isiyo na turbo inavuta kile inachokikuta. Ikikosa moja ya tano ya hewa, imekosa karibu moja ya tano ya nguvu. Ile pikapu ya dizeli ina turbo inayosukuma hewa kwa nguvu, ndiyo maana mlima haukuisumbua sana.

Ili uone hewa ina uzito gani katika hesabu hii: kuichoma petroli vizuri, kila kilo moja inahitaji kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ukiwa Dar inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa. Huku juu, kwa sababu hewa ni nyepesi, lita hiyo hiyo inahitaji zaidi ya 11,000. Zote hizo zinapita kwenye mdomo mmoja mdogo nyuma ya grili, zinaingia kwenye boksi jeusi la plastiki, zinavuka chujio la karatasi (mtaani mnaita ea klina), halafu ndiyo zinaelekea kwenye silinda.

Mume wangu aliliangalia lile boksi jeusi akaliona ndilo adui.

Jumamosi moja niliporudi kutoka sokoni nikasikia gari linanguruma uani kama basi la mkoani. Nikadhani silensa imetoboka. Kumbe boksi la hewa limekatwa kwa msumeno, nusu iko chini kwenye majani. Mahali pake pamewekwa bomba la PVC la inchi tatu, lile la maji taka, limeunganishwa kwa viungo viwili na kuzungushiwa solatepu nyeusi. Mwishoni mwa bomba imevishwa koni nyekundu, chujio la wazi lenye kitambaa kilicholowa mafuta. Limekaa hapo hapo juu ya injini, limeangalia eksozi. Pembeni amesimama fundi mmoja na mume wangu, wote wanatabasamu kama wamepata mtoto.

"Sikiliza!" akaniambia, akakanyaga. Ikalia kweli. Lazima niseme haki yake: ilikuwa tamu masikioni.

Sauti ile ndiyo inayowadanganya wengi. Boksi la kiwandani limetengenezwa kwa kazi mbili, kusafisha hewa na kuimeza kelele ya injini inapovuta pumzi. Ukiliondoa, kelele inatoka nje na sikio linaitafsiri kuwa nguvu. Nimeshapanda magari matatu ya namna hii, na kila mwenye gari aliapa kwamba limeongezeka spidi. Hata mmoja hakuwa amepima.

Sasa pesa. Tuna kibubu chetu cha chuma chumbani, na kilichokuwa ndani kilikuwa na jina: mabati ya jiko la mama mkwe wangu. Jiko lake kule Mwazye lilikuwa limeezekwa kwa nyasi zilizochoka, na tulikuwa tumemwahidi kwamba kabla mvua za Novemba hazijaanza tutaliezeka upya. Kwenye kibubu zilitoka shilingi 165,000. Koni 70,000, bomba na viungo vyake 25,000, vibano na gundi 15,000, fundi 40,000. Zilizobaki 15,000 hakuzikumbuka vizuri, nami sikumshikia bango, maana najua mafundi wawili wakikaa uani siku nzima kuna soda na mishikaki.

Wengi mnajua kitu gani kinafuata hapo kwenye nyumba nyingi. Mimi nilimwambia neno moja tu mbele ya fundi: "Limependeza sauti." Fundi alipoondoka nikamwambia la pili: "Tulipime, baba. Likiwa limeongezeka kweli, hiyo pesa nitaihesabu kama matengenezo ya gari. Lisipoongezeka, unairudisha kwenye kibubu kutoka mfukoni mwako." Akakubali bila kusita, maana alikuwa na uhakika. Ningekushauri na wewe ufanye makubaliano kabla ya kupima, wakati mwenzio bado ana uhakika na bado anatabasamu. Ukisubiri matokeo kwanza, masharti yoyote utakayotoa yataonekana ni ya kumkomoa.

Kabla hatujapima tulikwenda Mwazye kumchukua mama, kwa sababu kila mwezi ana kliniki Sumbawanga. Mwazye, kwa asiyeijua, ni kata katika wilaya ya Kalambo, iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012. Wakatoliki mtakuwa mnaikumbuka kama mahali alipozaliwa Kadinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Ni nchi ya upepo, mahindi, na uwanda wa nyasi unaokwenda mpaka macho yachoke. Mwezi wa Julai baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Na ukishaacha lami, ni vumbi. Vumbi la Ufipa ni laini kama unga wa sembe, linapita hata kwenye zipu ya begi lililofungwa.

Mama alilisikia gari kabla halijaonekana. Akauliza, "Mwanangu, limeharibika?" Mume wangu akaanza kumweleza habari ya hewa, kwamba injini inahitaji kupumua, kwamba moto bila hewa si moto. Bibi yule akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia taratibu kwamba hayo babu zake waliyajua.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana habari hii naipenda. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari. Walijenga tanuri refu la udongo, linaitwa ilungu, kwa wingi malungu, lenye urefu wa mita tatu na zaidi, yaani karibu mara mbili ya mtu mzima. Chini kuzunguka kitako waliacha matundu na kupachika vibomba vya udongo. Hapakuwa na mvukuto wala mtu wa kupuliza. Moto ukishawaka, hewa ya moto inapanda juu kwa sababu ni nyepesi, na hewa baridi kutoka nje inavutwa yenyewe kupitia vile vibomba vya chini. Tanuri linapumua lenyewe, siku kadhaa mfululizo, mpaka mawe ya chuma yanayeyuka na kuacha bonge. Mvukuto walikuja kuutumia baadaye, kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, la kulisafisha lile bonge. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya R. C. H. Greig kuhusu kazi hiyo, na mabaki ya malungu bado yanaonekana sehemu mbalimbali za Ufipa.

Na sikilizeni hii, wapenzi wa safu za mahusiano. Watafiti walioandika juu ya Ufipa, akiwemo Roy Willis wa Uingereza na Randi Barndon wa Norway, wanaeleza kwamba tanuri jipya lilichukuliwa kama bibi harusi. Lilipambwa, likafanyiwa shughuli zake, na fundi mkuu ndiye bwana harusi. Kipindi chote cha kuyeyusha, mafundi walijitenga na wake zao wa nyumbani, maana kulala nao kungekuwa kama kumsaliti huyo mke wa udongo. Nilipomsimulia mume wangu hayo usiku ule, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia asicheke sana, kwa sababu Jumamosi nzima alikuwa uani na bibi harusi wake wa Kijapani.

Lakini katika yale malungu kuna somo la ufundi ambalo koni nyekundu ilikuwa imelikosa. Vile vibomba vilivuta hewa baridi ya nje, chini, mbali na moshi. Hakuna fundi wa Ufipa ambaye angeelekeza mdomo wa kibomba kwenye joto la tanuri lenyewe. Hewa ya moto imepanuka, ni nyepesi, ndani ya lita moja kuna kitu kidogo. Kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka zinakupunguzia kama asilimia 3 ya uzito wa hewa. Toyota walilijua hilo, ndiyo maana mdomo wa boksi lao wameupeleka mbele nyuma ya grili, kwenye upepo. Koni ya mume wangu ilikuwa inavuta pumzi ya eksozi.

Tulirudi mjini, mama akaenda kliniki yake, na siku iliyofuata tukapima. Nilichukua kipimajoto cha jikoni, kile chenye waya nilichonunulia keki, nikakifunga karibu na koni kwa kamba. Asubuhi ile nje kulikuwa na nyuzi 16. Tukiwa tunakwenda barabarani, hewa iliyokuwa inaingia kwenye koni ilikuwa 34. Tuliposimama karibu na soko dakika kumi injini ikiwa inawaka, ikafika 58. Kwenye nyuzi 58 gari limepoteza zaidi ya moja ya kumi ya hewa yake, juu ya ile moja ya tano iliyopotea kwa sababu ya mwinuko. Yaani tumelipa 165,000 kulipandisha gari mlima mwingine tukiwa tumesimama sokoni.

Halafu tukapima mwendo. Mlima ule ule wa lami, barabara ikiwa tupu, abiria wale wale, kutoka spidi 40 mpaka 80, yeye anaendesha, mimi nimeshika saa ya simu. Likiwa limeshatembea na kupoa upepo, lilitumia sekunde 11 na kitu, mara tatu. Tukitoka kusimama sokoni, sekunde 13. Tukalala. Kesho yake tukaazima boksi zima kutoka kwenye Allion ya jirani (jirani mwema, Mungu ambariki), tukalifunga, tukarudia. Sekunde 11 na kitu tukiwa tumetoka kutembea. Sekunde 11 na kitu tukiwa tumetoka kusimama.

Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Kuna ukimya fulani ndani ya gari ambao ukiujaza kwa maneno umeharibu kazi yote uliyoifanya.

Angeweza kubisha, kwamba kipimo cha saa ya simu si cha maabara, na ni kweli. Kilichomaliza ubishi ni leso yangu nyeupe. Tulipolitoa lile bomba la PVC niliingiza leso ndani, upande wa baada ya chujio, upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshakuwa safi. Ikatoka nyekundu. Safari moja tu, Mwazye kwenda na kurudi! Solatepu ilikuwa imelegea kwa joto, kiungo kimeacha upenyo mwembamba kama ukucha, na vumbi limepita hapo bila hodi. Ndugu zangu, hilo ndilo la kuogopa. Vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia. Linakula ringi, linakula kuta za silinda, baadaye gari linaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na huko gereji wanakuambia ununue injini nyingine ya mtumba. Gari lile ndilo linalompeleka mama kliniki kila mwezi.

Kulikuwa na lingine. Taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa imeshaanza kuwaka, na mlio wa sailensi unapanda na kushuka. Kwenye magari mengi ya VVT-i kama letu, baada ya chujio kuna sensa yenye kiwaya cha moto kinachopima hewa inayopita, ndipo kontrol boksi inajua imwage petroli kiasi gani. Kipimo hicho kimesetiwa kwa upana wa njia ya kiwandani. Fundi alikuwa ameing'oa sensa na kuipachika kwa gundi kwenye bomba pana zaidi. Kwenye bomba pana hewa ile ile inapita polepole, sensa inadhani imeingia kidogo, kontrol boksi inamwaga petroli pungufu. Injini inaungua ikiwa na njaa. Tena ile koni ya kitambaa ukiilowesha mafuta kupita kiasi, yanaruka yanakwenda kukigandia kile kiwaya, na kipimo kinazidi kudanganya. Nimeona watu wakibadilisha plagi, nozo, pampu ya mafuta, mwishowe wanatukana Wajapani, kumbe ni mafuta ya chujio.

Sasa msije mkasema nimekuja kuwakataza wanaume kushika spana. Ipo kazi ya nyumbani inayofaa, na mume wangu ndiye aliyeigundua mwenyewe alipokuwa analiangalia lile boksi la jirani. La jirani lilikuwa na mdomo mrefu wa plastiki unaokwenda mpaka nyuma ya grili. La kwetu, hata kabla ya msumeno, halikuwa nao! Ulikuwa umetolewa siku za nyuma kwenye matengenezo fulani na haukurudishwa. Kwa hiyo hata lile boksi zima tulilokuwa nalo lilikuwa linavuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti. Kumbe malalamiko yake yalikuwa na kiini cha kweli, na mwanaume alistahili kuambiwa hivyo. Nikamwambia.

Akanunua boksi la mtumba kwa pesa yake. Mdomo akautengeneza mwenyewe: kipande cha bomba laini lenye mikunjo, lile linalostahimili joto, kimefungwa kwa vibano viwili vya chuma, kimepita pembeni mwa rejeta na kutokea nyuma ya grili. Mbele akaweka wavu wa waya kuzuia majani na wadudu. Hakuuteremsha chini ya bampa, ingawa fundi alimshauri hivyo akisema chini kuna baridi zaidi. Kwenye masika ya Ufipa ukiingia kwenye dimbwi na mdomo uko chini, injini itavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa. Koneksheni rodi inapinda pale pale. Wenye Land Cruiser wanaopandisha bomba la hewa mpaka usawa wa paa wana akili zao, na huko juu vumbi nalo ni pungufu.

Kazi nzima ilikula 22,000, chujio jipya la karatasi likiwa pembeni. Kipimajoto kikasema nyuzi 19 tukiwa tunatembea, 24 tukiwa tumesimama. Mlimani ilikuwa sekunde 11 na kitu bila kujali tumetokea wapi, sawa na gari la jirani. Hakuna muujiza hapo. Ile moja ya tano iliyochukuliwa na mwinuko haitarudi mpaka tuhamie Tanga.

Kuhusu chujio la karatasi, watu wanalionea. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Marekani ilipima magari yakiwa na machujio yaliyoziba na mapya. Kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta, chujio lililoziba halikubadilisha sana ulaji wa mafuta, ila lilipunguza wepesi wa kuondoka. Magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyokula mafuta zaidi. Kwa hiyo chujio safi litakupa wepesi, usilitarajie likulipie petroli. Kwa barabara za vumbi kama za kwetu, usisubiri kilomita zilizoandikwa kitabuni. Litoe, weka taa ya tochi nyuma yake usiku, mwanga usipopita libadilishe. Ukipuliza kwa upepo wa gereji, puliza kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa upole, maana upepo mkali unatoboa karatasi na tundu hulioni. Halafu hakikisha sili ya mpira imekaa na mabanio yote ya boksi yamefungwa. Nimekuta magari mengi yenye chujio jipya la bei na banio moja limevunjika.

Mengine yanayouzwa mtaani niyapitie haraka. Kutoboa matundu kwenye boksi: joto, kelele, na maji siku ya mvua. Kuendesha bila chujio kabisa: hapana, hata kama ni siku moja ya harusi. Kafeni ka umeme kanakopachikwa kwenye bomba na kuitwa turbo: injini ya cc 1500 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika inavuta zaidi ya lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo. Kafeni ka ukubwa wa kikombe hakawezi hata kuifikia kasi hiyo, sembuse kuisukuma, kwa hiyo kanabaki kuwa kizuizi njiani.

Turudi kwenye kibubu. Makubaliano yalikuwa makubaliano. Alirudisha 165,000 kwa awamu tatu, ya kwanza ile ile wiki. Nami niliweka zile 22,000 za mdomo mpya kwenye daftari la matengenezo ya gari, nusu kwa nusu, kwa sababu kazi hiyo ilihitajika. Tukaongeza na sharti jipya ambalo yeye ndiye alilipendekeza: kila mmoja wetu ana kiasi chake kidogo cha mwezi ambacho haulizwi. Mimi napeleka saluni, yeye anapeleka chini ya boneti. Kikiisha kimeisha. Baadhi ya mashosti zangu wanasema huko ni kumdekeza mwanaume. Mimi naona mwanaume mwenye elfu thelathini zake asizoulizwa haendi kuchungulia kibubu cha mabati.

Mabati yalifika Mwazye wiki ya pili ya Oktoba, kwenye ile ile barabara ya vumbi, kwa lori. Sisi tulifuata nyuma na Allion, madirisha yamefungwa. Siku hizi kila akibadilisha chujio anaandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, na tukirudi kutoka kijijini ananiomba leso. Mara mbili zilizopita imetoka nyeupe.

Koni nyekundu bado iko stoo, juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nimemwambia aiuze, amekataa.